Rika la Kibali

Wajukuu zetu wana mzaha wao. Ukimwuliza mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa jambo la siasa, wasema, ataanza na upepo wa kusi, apitie bei ya nguru Marikiti, atie kisa cha Abunuwasi, na mwisho wewe ndiye utakayejijibu. Wageni wakiona hivyo husifu ustaarabu wa Mvita. Ustaarabu umo, sikatai. Lakini umechanganyika na kitu kingine ambacho wajukuu hawakijui, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwaambia.

Sisi tuliopata ujana kati ya uhuru na mwanzo wa miaka ya 1980 tulilelewa na sheria iliyotaka kila mchezo wa jukwaani upate kibali cha serikali kabla haujaonwa na watu. Tulizoea kusomwa na afisa. Kisha tukazoea kujisoma wenyewe kabla ya afisa. Nataka kuliweka wazi hilo leo, maana twaondoka mmoja mmoja, na ni vyema lisemwe na wenyewe.

Mbegu yake ilipandwa London mwaka 1737, zama za Mfalme George wa Pili. Waziri mkuu wa Uingereza, Robert Walpole, alikuwa amechoka kuchekwa. Michezo ya Henry Fielding katika ukumbi wa Haymarket ilimgeuza yeye na serikali yake kuwa kichekesho cha mji. Kabla ya Fielding, John Gay alikuwa amekwisha kuwafananisha wakubwa na majambazi, na mchezo wake uliofuata, Polly, ukapigwa marufuku mwaka 1728. Walpole akapitisha sheria bungeni: nakala ya kila mchezo mpya ipelekwe kwa Lord Chamberlain, ofisa mkubwa wa nyumba ya mfalme, siku 14 kabla ya kuchezwa, na atakayecheza bila ruhusa alipe pauni 50. Fielding akaliacha jukwaa, akaandika riwaya, na baadaye akawa hakimu. Mwaka 1739 mchezo wa Henry Brooke uitwao Gustavus Vasa ulikuwa wa kwanza kunyimwa ruhusa chini ya sheria hiyo. Kisa chake kilikuwa cha Sweden, nchi ya watu wengine na zama nyingine, lakini wakubwa wa London walijiona ndani yake. Hata King Lear ya Shakespeare, mchezo uliokuwa na umri wa miaka mia mbili, ilikaa karibu miaka kumi bila kuchezwa, hadi 1820, kwa kuwa George wa Tatu alikuwa amerukwa na akili na haikufaa raia waone mfalme mwendawazimu jukwaani.

Zama hizohizo huku kwetu aliishi Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu 1776 na kufariki 1840. Alitunga juu ya vita, juu ya Lamu, juu ya Mazrui na Busaidi, juu ya njaa na mapenzi na nyumba mbovu. Mashairi yake yalikwenda kwa midomo, toka mtaa hadi mtaa, na ya kisiasa yalivuka bahari yakajibiwa na washairi wa Lamu. Tusimpambe kupita kiasi: alikuwa upande wa watawala wa mji, na aliyesimama upande huo huwa na kinga nzuri. Ila hakupeleka nakala kwa mtu. Aliyechomwa na shairi lake alisubiri limekwisha kusemwa na kusikiwa, ndipo akajibu kwa shairi, au kwa upanga. Na ajabu ya historia ni kwamba mwaka 1824 Mazrui, watawala wa mji, walimwomba Kapteni Owen ulinzi wa Waingereza dhidi ya Seyyid Said wa Oman, na kwa miaka miwili hivi bendera ya George wa Nne ikapepea Ngomeni. Mfalme ambaye kwao hakuna mcheza jukwaa aliyefungua kinywa bila ruhusa alikuwa na bendera yake juu ya kichwa cha Muyaka, na Muyaka akaendelea kutunga.

Sheria ilichelewa kuvuka bahari, lakini ilivuka. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga amri ya kusimamia michezo ya jukwaani na sinema. Ikafanyiwa marekebisho, na hatimaye ikawa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyoanza kutumika Oktoba 1963. Angalia tarehe hiyo vizuri. Mwezi huohuo, tarehe 8, yalitiwa sahihi makubaliano ya kuutia Mwambao ndani ya Kenya, na wazee wetu walikuwa wakikesha vibarazani wakibishana juu ya Sultani, Kadhi na maili kumi za pwani. Kila mtu alikuwa akiitazama bendera. Sijasikia mzee aliyeitazama Sura ya 222. Miezi miwili baadaye mkoloni akafunga mizigo yake, na sheria hiyo akatuachia mezani ikiwa mpya, wino haujakauka.

Kisha yakaja yale ambayo hata mtunzi wa vichekesho asingethubutu kuyatunga. Septemba 1968 Waingereza waliifuta kwao kazi ya Lord Chamberlain ya kusoma michezo, baada ya miaka 231. Novemba ya mwaka huohuo kijana wa Mvita, Abdilatif Abdalla, mfanyakazi wa baraza la mji, aliandika karatasi iitwayo Kenya: Twendapi? Haikuwa tamthilia, ilikuwa swali tu. Alikamatwa Desemba, akahukumiwa Machi 1969, na serikali ikakata rufaa kwa kuona kifungo ni kidogo. Alitoka 1972, baada ya miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Sisi tulikuwa vijana. Funzo tulilolichukua halikuwa kwamba shairi hushinda gereza. Tulichukua kwamba mtoto wa mtaa wetu, aliyesoma pamoja na kaka zetu, anaweza kuondolewa kwa ajili ya karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikundi chetu cha vijana wa Kibokoni na Kuze kiliandika mchezo juu ya tajiri aliyeficha mchele ghalani mwezi wa Ramadhani. Tulifanya mazoezi juu ya dari ya nyumba moja ya kale, jioni, baada ya swala ya alasiri. Mke wa tajiri alichezwa na kijana mwembamba mwenye sauti ya kinanda, ambaye leo ana wajukuu na hapendi kukumbushwa. Hati ilipigwa chapa kwa mashine ya kuazima, ikapelekwa kwenye ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole. Alituagizia chai. Akasoma kurasa zote, kalamu nyekundu mkononi, nasi tumekaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri matokeo ya damu.

“Huyu tajiri ni nani?” akauliza.

“Ni mtu wa hadithi tu, bwana.”

“Mtu wa hadithi mbona mumempa Mercedes?”

Hatukuwa na jibu. Gari likakatwa. Halafu likakatwa ghala, kwa sababu lilikuwa karibu na bandari, na bandarini kulikuwa na maghala ya watu. Halafu yakakatwa maneno ya mchukuzi wa mizigo aliyesema kwamba aliyeshiba hasikii adhana ya magharibi. Hilo la adhana afisa alilisifu kwanza, akacheka kwa dhati, ndipo akalipiga mstari. Kibali tukapewa. Mchezo ukachezwa, na watu wakauliza yule tajiri kosa lake lilikuwa nini hasa.

Mwaka uliofuata tuliandika mwingine. Safari hii hakuna tajiri, hakuna bandari, hakuna Mercedes. Tuliweka Sultani wa nchi isiyo na jina, akapanda farasi, akawa na waziri mjanja na binti mgonjwa. Afisa hakupiga mstari hata mmoja. Tulishangilia, tukaenda kula biriani. Kati ya hati zote zilizopita katika ofisi ile, naamini ile safi ndiyo iliyokuwa hasara kubwa. Ile nyekundu angalau ilionyesha ni wapi tulitaka kufika.

Na hivi ndivyo kibali kinavyofanya kazi. Watu hudhani sheria ya namna hii hupimwa kwa idadi ya michezo iliyokatazwa. Iliyokatazwa ni michache, na yote ina majina. Ile ambayo haikuandikwa kamwe haina jina, wala hakuna anayeililia. Hakimu anayemhukumu mtu baada ya kusema huwa ameacha neno likapita, na watu wamelisikia. Afisa wa kibali hukaa mlangoni mwa kinywa. Akikaa miaka mingi ya kutosha anaweza kwenda zake likizo, maana mwenye kinywa ameshajifunza zamu.

Habari za Kamiriithu zilitufikia kwa gazeti na kwa minong'ono. Wakulima na wafanyakazi wa Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga jukwaa la wazi na kuanza kucheza Ngaahika Ndeenda Oktoba 1977, kwa Kikuyu, lugha ya watazamaji. Kibali walikuwa nacho. Novemba 16 kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa nyumbani kwake, akawekwa kizuizini bila mashtaka. Michezo yake ya Kiingereza ilikuwa imechezwa Nairobi, hata kwenye ukumbi wa taifa, na hakufungwa kwa ajili yake. Tulielewa: tatizo lilikuwa kueleweka. Mwaka 1982 kikundi kilipojaribu tena kwa mchezo wa Maitũ Njugĩra, mlango wa ukumbi wa taifa ulifungwa, na Machi polisi wakalibomoa lile jukwaa la Kamiriithu.

Sisi watu wa pwani tulijifariji kwamba hayo ni mambo ya bara. Faraja hiyo haikudumu. Mwaka 1981 Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa na mwalimu wa chuo kikuu, alichapisha tamthilia ya Kilio cha Haki, juu ya mwanamke aitwaye Lanina anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi kudai haki zao. Mchezo wenyewe ulikuwa wa zama za ukoloni. Kwa hesabu zetu za Kibokoni, huo ulikuwa ukuta madhubuti: mkoloni, shamba, zamani. Mwaka 1982 mwandishi aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mashairi aliyoyatunga huko yalitoka 1988 kwa jina Chembe cha Moyo. Basi hata farasi wa Sultani wetu hakuwa salama kama tulivyodhani. Kikundi chetu hakikuvunjwa na mtu. Kilikwisha chenyewe: mmoja akaenda Jeddah, mwingine Dubai, mwingine akafungua duka la vipuri, na hakuna aliyeuliza tutacheza nini mwaka ujao.

Nikisema haya, rafiki zangu wa barazani hunitetea fumbo. Wasema fumbo lilikuwako kabla ya Sura ya 222, na ni kweli. Taarabu yetu ingekuwa nini bila fumbo? Marehemu Juma Bhalo aliimba mambo ambayo kila mtu alimjua aliyekusudiwa, na hakuna aliyeweza kumpeleka mahakamani. Lakini msikilizaji wa Bhalo alikuwa na ufunguo. Alimjua mtu, alijua nyumba, alijua ugomvi ulioanzia harusini. Fumbo la jukwaani kwetu lilipotea ufunguo njiani. Tulificha vizuri hata watazamaji wasione, na tukajiita wajanja.

Wala si serikali peke yake iliyoshika mkasi. Hapa nitawaudhi wenzangu, na waudhike. Mama zetu na nyanya zetu walikuwa na ngoma yao ya lelemama. Vyama vyao, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa vyakula, na kwa nyimbo za kupasuana zilizotaja uchafu wa mpinzani hadharani, arusini na barabarani. Pale palikuwa na jukwaa hasa: mavazi, safu, waimbaji, watazamaji, na mji mzima kesho yake ukizungumzia nani kamwambia nini nani. Waliolikemea lelemama kwa nguvu zaidi walikuwa wanaume wa nyumbani, masheikh wa islahi na waume waliochoka kulipia sare. Wengine walikuwa na hoja za kweli, za deni na za ugomvi. Lakini lilipopungua na kufifia, hatukuweka kitu mahali pake. Sisi vijana wa jukwaa, tuliokuwa tukilalamika juu ya kalamu nyekundu, tulimpa kijana sehemu ya mke wa tajiri bila hata kujadiliana, na binti ambaye angeicheza vizuri kuliko yeye alikaa dirishani nyumba ya pili akitusikiliza tukikosea maneno. Alikuwa ameyashika yote kwa moyo. Hakuna afisa aliyemkataza huyo.

Sehemu ya michezo ya jukwaani katika Sura ya 222 ilipata kuguswa mwaka 1997, wakati wa mageuzi ya IPPG, kikundi cha wabunge wa vyama mbalimbali, pamoja na sheria nyingine nyingi za zama za ukoloni. Katiba ya 2010 ikaja na ibara ya 33, inayotaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kwenye karatasi, mambo yamekwisha. Lakini mazoea hayafutwi na gazeti rasmi la serikali. Mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo wa wasichana wa shule ya Butere ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa usifike mashindano ya kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Mwaka 2025 mambo yakajirudia, shule ileile na mwandishi yuleyule, mchezo ukiitwa Echoes of War. Mahakama ikaamuru tena. Aprili, Nakuru, wasichana wale waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani, na nje watu waliokuja kuwatazama wakarushiwa gesi ya kutoa machozi. Mwezi uliofuata, Mei 28, Ngũgĩ wa Thiong'o akafariki Marekani akiwa na umri wa miaka 87.

Niliitazama picha ya wale wasichana kwenye simu ya mjukuu. Yeye alikuwa na hasira ya polisi. Mimi nilikuwa nikitazama umri wao. Tulipokuwa na miaka ile tungelikwisha kubadilisha hati. Tungempelekea mwalimu Sultani na farasi, tukapata kombe, tukarudi nyumbani na biriani. Wao waliambiwa hapana wakashikilia hadi mahakama ikaamuru, na walipofika jukwaani bila mwongozaji wao wala vyombo vyao walikataa kucheza nusu mchezo. Sijui kama mchezo wenyewe ni mzuri. Kuna vijana wa siku hizi wanaodhani kupiga kelele ni sanaa, na nitawaambia hivyo wakinialika. Lakini katika hili moja wametushinda, na kutushinda kwao hakunipi uchungu.

Linalonipa uchungu ni karatasi. Msomaji wa michezo wa serikali huko London, John Larpent, alishika kazi yake kuanzia 1778 hadi alipofariki 1824, na hati alizoletewa hazikutupwa. Ziko hadi leo katika maktaba ya Huntington, California, pamoja na alama za kalamu yake, na wanafunzi wanazisoma wajue ni nini kiliogopwa na nani. Hati zetu ziko kwenye masanduku ya chumba cha nyuma, Mkanyageni na Kuze na Mji wa Kale wote, chini ya vyeti vya ndoa na risiti za maji, zikiliwa na mchwa. Kila mzee akizikwa, watoto husafisha chumba.

Basi naomba hivi. Ikiwa babako au babu yako alicheza jukwaani Mombasa kabla ya 1997, fungua lile sanduku. Ukikuta hati iliyopigwa chapa, yenye wino mwekundu au isiyo nao, usiitupe na usiisahihishe. Andika pembeni jina la kikundi na mwaka, ukiujua, kisha uipeleke kwa watu wa makumbusho pale Ngomeni, au uwape vijana wa mtaani waisome kwa sauti. Yangu ya tajiri wa mchele nimeshaitoa, Mercedes ikiwemo.